Santuri Kumi na Mbili za Rafu ya Chini

Nilisikia kufuli likibanwa kwa nje.

Nikadhani ni upepo umeusukuma mlango. Nikausukuma na mimi. Haukwenda.

"Ildefonsi?"

Nikagonga.

"Ildefonsi, mlango umejifunga."

"Haujajifunga, mama. Nimeufunga mimi."

Wanangu mnaosoma hapa, aliyesema maneno hayo nilimzaa mwenyewe, kwa uchungu wa siku mbili, hapa hapa kwetu Mnero, wilaya ya Nachingwea. Asubuhi ile nilikuwa nimeshavaa kitenge changu cha safari. Kifurushi nilikuwa nimekiacha nje, pembeni ya mlango. Nilikuwa nimeingia mle chumbani kumwagia sakafu maji tu, mara moja ya mwisho, halafu nikawahi gari la Ruangwa.

Gari lilikuwa moja kwa siku. Linapita saa kumi na mbili.

"Fungua, mwanangu. Gari linakuja."

"Gwakisa anafika saa sita, mama. Ukishaniandikia zote, nafungua. Kalamu na karatasi viko juu ya boksi. Uji uko kwenye chupa."

"Dada yako anapasuliwa leo."

"Madaktari wapo."

Mara nikasikia honi...

Gari likapunguza mwendo pale njia panda. Likangoja kidogo. Likaondoka.

Nikakaa chini, kwenye sakafu niliyoimwagia maji kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa Novemba, mwaka elfu mbili na nne.

Ngojeni niwaeleze hicho chumba, msije mkadhani nilifungiwa stoo ya mahindi.

Ildefonsi alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alipandia Mtwara, meli ikibeba korosho, akafika mpaka Rotadamu na Antwapi, bandari za Ulaya. Huko, miaka ile ya tisini inaanza, vijana wa Kizungu walikuwa na muziki wao mpya. Wa mashine tupu. Hakuna gitaa, hakuna mtu wa kuimba shairi likaeleweka. Walikuwa wakiucheza kwenye maghala matupu mpaka kunakucha.

Yeye aliuita reivu. Na ule mkali zaidi, unaogonga kifua, aliuita hadkoo.

Akaupenda kuliko chakula.

Mshahara wake wote ukaishia kwenye santuri. Na si santuri zozote. Alitaka zile ambazo watu wenyewe hawazijui, zilizochapwa chache, karatasi ya katikati nyeupe tupu, haina jina la wimbo wala la mpigaji.

"Mama, hii zimetoka mia mbili tu dunia nzima," alikuwa akiniambia. "Mia mbili, na moja iko Mnero."

Mwaka tisini na tatu aliwahi kukodi ukumbi pale Nachingwea mjini, aweke disko la muziki huo. Watu wakaja wamependeza. Ukapigwa wimbo wa kwanza, dakika tano, dakika kumi. Mzee mmoja akasimama akauliza hiyo mashine ya kusaga itazimwa saa ngapi, disko lianze.

Tangu siku hiyo hakuzipiga tena mbele za watu. Akawa wa kukusanya tu.

Na mtunzaji nikawa mimi.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo. Nalisema wazi.

Alipoleta zile za kwanza kabisa, kumi na mbili, aliniambia, "Mama, zitunze kama mbegu."

Mimi ni mkulima. Darasa langu la tatu, nikaacha. Ukiniambia nitunze kitu kama mbegu, najua pa kukiweka. Nikazipandisha kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moto, pale zinapokaa mbegu za mahindi ili moshi ufukuze dumuzi.

Dumuzi hawakuzigusa, ni kweli.

Aliporudi na kupanda kuzishusha, zilikuwa zimejikunja zote kama majani ya tumbaku.

Alilia, mtu mzima na ndevu zake. Siku tatu hakuongea na mimi.

Siku ya nne akasema, "Mama, hizo kumi na mbili hazipo tena popote. Zilikuwa moja moja. Umeua kitu ambacho dunia haiwezi kukirudisha."

Nilipiga magoti. Mbele ya mwanangu, nilipiga magoti.

Akajenga chumba cha matofali ya kuchoma, ukuta mara mbili. Bati, na juu ya bati nyasi. Dirisha moja la nondo na wavu. Kila miezi michache alileta boksi jingine, akazipanga wima, kama sahani kabatini. Zile kumi na mbili akaziweka rafu ya chini kabisa.

"Zikae hapo," alisema. "Ili ukumbuke."

Kila nikiinama kufagia, nazikuta. Sikuwahi kuzitoa kuzitazama. Kitu cha aibu mtu hukitazama?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alfajiri nafungua dirisha. Jua likichomoza nafunga na pazia. Saa nne maji sakafuni. Saa sita napanda ngazi kumwagia nyasi za paa. Saa tisa tena. Ukiruka siku moja ya Oktoba au Novemba, chumba kinakuwa tanuri, na santuri zinaanza kulegea.

Kwa hiyo sikuruka.

Miaka kumi na moja sikulala nje ya nyumba yangu.

Teodosia, binti yangu, aliolewa Ruangwa na mwalimu mmoja aitwaye Linus. Ruangwa si mbali. Ila kwenda na kurudi kulikuwa ni kulala, maana gari ni moja.

Mimba yake ya kwanza iliharibika mwezi wa Oktoba. Nilitumiwa ujumbe. Nikatazama jua, nikatazama chumba... sikwenda.

Ya pili ikaharibika Novemba. Linus alinifuata mwenyewe kwa baiskeli.

"Mama, anakuita."

"Mwambie mvua zikianza tu, nakuja."

Linus alikunywa maji, akageuza baiskeli.

Mvua zilipoanza niliandika barua kuuliza hali. Teodosia alijibu mstari mmoja: "Mama, hujambo na sahani zako?"

Ya tatu ndiyo hiyo sasa. Jirani yangu Semeni aliniletea barua jioni, kapewa na kondakta. Nikaisoma taratibu, kidole juu ya neno.

"Mama, Teodosia amelazwa. Mtoto amekaa vibaya na damu inatoka. Watampasua kesho. Amesema kama safari hii hutakuja, nisikutumie tena ujumbe wowote. Linus."

Nikasema moyoni, nakwenda hata chumba kiyeyuke.

Ila siku hiyo hiyo Ildefonsi alikuwa nyumbani. Bahari alishaiacha, alikuwa Dar es Salaam anatafuta maisha. Alikuja kwa sababu kampata mtu, Gwakisa, kijana wa Mbeya anayepiga muziki kwenye kumbi za Dar. Huyo alikuwa anazitaka santuri zote, awapelekee wakusanyaji wa Ulaya. Hao nao sasa walikuwa wanazitafuta kama dawa.

Tatizo likawa moja. Wale watu hawachukui santuri isiyo na jina mpaka waambiwe ilitoka kwa nani, duka gani, mji gani, mwaka gani. Na Ildefonsi alikuwa amesahau. Bahari na pombe vilimfuta.

Mimi sikusahau. Kila alipoleta boksi, jioni yake alikaa na mimi akinihadithia moja moja. Hii kanipa mtu mwenye jino la dhahabu, Antwapi. Hii ilitengenezwa na ndugu wawili chumbani kwa mama yao. Nikazipa majina yangu. Trekta. Mapengo. Harusi ya Mchwa. Na ile anayoipenda kuliko zote niliiita Kanga, kwa sababu katikati ilikuwa na muhuri mdogo wa bluu, ndege mnene asiye na shingo. Ndiyo hiyo ya mia mbili dunia nzima.

Kwa hiyo orodha yote ilikuwa kichwani mwangu. Na kichwa changu kilikuwa kimefungiwa na kufuli.

Saa moja Semeni alipita. Nikamsikia nje.

"Ildefonsi, mama yako hajaenda tu?"

"Yumo ndani, ana kazi za santuri."

"Ooh. Haya, msalimie."

Akapita zake. Nilifungua mdomo nimwite, sauti ikachelewa kutoka. Na angeshangaa nini? Miaka kumi na moja mlango ule ulikuwa wazi na mimi sikutoka. Nani atashtuka siku moja ukiwa umefungwa?

Hapo ndipo nililia kidogo.

Kisha nikanywa uji. Nikachukua kalamu. Haikumaliza hata mstari wa kwanza. Mkono unaandika Trekta, akili inamwona Teodosia anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, anatazama mlangoni.

Nikasimama. Nikamtoa Kanga kwenye ganda lake.

Nikamtazama. Nikatazama dirisha...

Dirisha lile linatazama mashariki. Saa tatu jua linaingia lote. Hakuna aliyejua hilo kuliko mimi.

Saa tatu na nusu nikaita.

"Ildefonsi, njoo dirishani."

"Umemaliza?"

"Njoo umwone Kanga."

Nikasikia kiti kinaanguka.

Akasimama nje ya nondo. Kati yake na mimi kulikuwa na wavu alioupigilia mwenyewe, na nyuma ya wavu, juani kabisa, santuri imeegemea. Muhuri wa bluu katikati. Ukingo wake umeanza kujikunja kama jani.

Uso wake ukawa kama majivu.

"Mama... itoe hapo."

"Fungua."

"Itoe kwanza, mama. Nakuomba. Inapinda."

"Naiona."

"Mama, unajua hiyo ni nini?"

"Mia mbili dunia nzima. Moja iko Mnero."

"Itoe basi!"

"Ufunguo unao wewe, mwanangu. Jua halina ufunguo."

Akazunguka mbio. Nikasikia funguo zinaanguka, zinaokotwa, zinaanguka tena. Kufuli likalia. Akanipita kama hanioni, akaikwapua ile santuri dirishani, akaikumbatia.

Mimi nilikuwa nimeshatoka nje. Kifurushi changu kilikuwa bado pale pale.

"Umeniua, mama. Umeniua mara ya pili."

"Igeuze uitazame vizuri."

Akaigeuza. Akaipitisha kidole. Wino wa muhuri ukamchafua.

Wino wa kalamu yake mwenyewe.

Kwa kweli mikono yangu ilikataa kumweka Kanga juani. Nilijaribu, wanangu. Miaka kumi na moja imezoea kumkinga, ikakataa tu. Ndipo nikainama rafu ya chini. Nikazitoa zile kumi na mbili kwa mara ya kwanza, nikachagua moja, karatasi yake nyeupe tupu. Nikamchora ndege mnene asiye na shingo.

Ilikuwa imeshajikunja tangu mwaka tisini na tatu.

Na mwenye santuri hakuitambua.

Alibaki anaitazama tu. Mara pikapu nyeupe ikaingia uani. Gwakisa kawahi. Kijana mrefu, mpole, kofia kaivaa nyuma mbele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka hizi sahani?"

"Ndiyo mimi. Ildefonsi kaniambia orodha iko tayari."

"Orodha ni mimi. Unaijua njia ya Ruangwa?"

Akamtazama Ildefonsi. Ildefonsi akatazama chini.

"Naijua, bibi."

"Nipeleke hospitali ya wilaya. Njiani nakuhadithia kila moja kwa jina lake na alikotoka. Usiponipeleka, utabeba sahani nyeusi tu."

Gwakisa akacheka. "Bibi mbona mjanja wa mjini? Panda mbele."

Ildefonsi alipanda nyuma na maboksi. Nilimpa ndoo, nikampa mkeka uliolowa.

"Kila ukiona unakauka, mwagia," nilimwambia. "Usiruke."

Njia ilikuwa vumbi na mashimo. Mimi nasimulia, Gwakisa anasikiliza, mara anasimama aandike. Trekta. Mapengo. Harusi ya Mchwa. Nyingine aliniuliza mpaka rangi ya mlango wa duka, nikamwambia. Kanga nilimbakiza makusudi. Sikutaka nishushwe njiani.

Ile iliyojikunja nilikuwa nayo mapajani. Nikaona nitubu na kwa huyu pia.

"Mwanangu, kuna kumi na mbili hutazipata. Nilizichoma kwa moshi kwa ujinga wangu. Zilikuwa moja moja, hakuna nyingine duniani."

"Pole, bibi. Naweza kuiona hiyo?"

Akasimamisha gari. Akaielekeza kwenye mwanga, akasoma herufi zilizokwaruzwa kama kwa msumari, pale karibu na karatasi.

Akakunja uso.

"Bibi, na zile nyingine zina mkwaruzo gani?"

Nilikuwa nimezitoa asubuhi ile ile, kwa hiyo nilikumbuka.

"R kubwa, sifuri, saba. Zote kumi na mbili."

"Zote?"

"Zote."

Akaigeuza upande wa pili, kama mtu anayetafuta njia ya kuvuka.

"Basi ni santuri moja hiyo, bibi. Nakala kumi na mbili za kitu kile kile. Na hii walichapa maelfu. Walikuwa wanaigawa bure mlangoni, watu waje kucheza. Huko kwao ukienda magulioni unazikuta kwenye boksi chini ya meza, unajichotea."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Nikaipokea ile santuri, nikairudisha mapajani.

Niligeuka nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Ildefonsi alikuwa amepiga magoti katikati ya maboksi, jua la utosi, anamwagia mkeka maji kwa kopo.

Niliwaza magoti yangu. Niliwaza Oktoba moja na Novemba moja. Wajukuu wawili ambao hata majina sijui wangeitwa nani.

Getini pale hospitalini nikampa Gwakisa habari za Kanga, zote, kama nilivyoahidi. Nikashuka. Nikaenda nyuma ya pikapu.

"Ildefonsi. Zile kumi na mbili, ulikuwa unajua?"

Alitazama ndani ya ndoo.

"Nilikuwa najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nalia. Nililia kwa hasira tu. Baadaye nikaona..."

"Ukaona nini?"

"Kama ningekwambia, ungehamia Ruangwa kwa Teodosia."

Nikaiweka ile santuri juu ya mkeka wake. Nikachukua kifurushi changu.

Linus alikuwa kakaa kwenye benchi nje ya wodi, shati halijafungwa vifungo sawasawa. Aliponiona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimechelewa?"

"Wametoka saa tano. Wako wawili. Wazima."

Nikaweka kifurushi chini.

"Pacha?"

"Hapana mama. Yeye na mtoto. Wako wawili, wazima."

Teodosia alikuwa kalala, midomo imekauka. Pembeni yake kibunda cha kanga, ndani yake katoto ka kike kamefumba macho kwa hasira, kama anayekataa kuamshwa.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamshika mguu, maana mkono ulikuwa na dripu.

Akafumbua macho. Akanitazama muda mrefu. Hakusema mama, hakusema karibu.

Alisema, "Nani amebaki na santuri?"

"Hakuna aliyebaki."

"Saa hizi si saa ya kumwagia paa?"

"Ndiyo."

"Na nani anamwagia?"

"Hakuna, mwanangu. Leo limekauka."

Akageuza uso ukutani. Nikadhani nimeshampoteza. Kisha nikahisi mguu wake, ule nilioushika, unasogea. Unajisogeza mkononi mwangu.

Sikurudi Mnero mpaka mvua zikaanza, zikaisha.

Na Ildefonsi tulikuja kupatana, lakini ilituchukua miaka. Hakuwa shetani. Alipata kamba nzuri tu ya kunifunga, nami nikamwachia mguu wangu bila kuuliza.

Kale katoto sasa ni msichana mkubwa. Simu hii ninayoandikia ni yake. Ananiuliza kwa nini nyumba yetu ya Mnero ina kuku kwenye chumba cha matofali mara mbili. Nimemwambia asome hapa.

Somo langu ni fupi, wanangu. Mtu akikubebesha kosa, na kila ukitaka kuinuka anakukumbusha, lile kosa litoe nje. Litoe mchana, uligeuze, usome lilivyoandikwa. Mimi la kwangu nilikuwa nalifagia pembeni miaka kumi na moja, karibu na mguu wangu, na lilikuwa na herufi zake zote.